Ng'ombe wa Kaka, Shahada Yangu

Jumatatu, 8 Juni 1998

Shule imekwisha. Nimerudi nyumbani Usagara na sanduku langu la bati, na tangu Alhamisi niko shambani na mama na kaka Shigela tukichuma pamba. Pamba ya mwaka huu haitazamiki. Mvua za Elinino zilinyesha mpaka maji yakasimama kati ya matuta, na pamba nyingi ikaoza kabla ya kupasuka. Hii tunayochuma ina madoa ya kahawia.

Nimeanza kuandika kwa sababu kusema kunanishinda. Mwalimu wa darasa aliandika katika ripoti yangu ya mwisho: "Justa ana adabu na bidii, lakini sauti yake haisikiki." Baba aliisoma akafurahi. "Sauti ya msichana isikike wapi?" alisema.

Shigela akadakia, "Mimi ng'ombe wananisikia mpaka ng'ambo ya mto, na mbona sikufika sekondari?"

Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo, ndani.

Alhamisi, 11 Juni

Pamba. Vumbi. Vidole vimechanika.

Jumamosi, 20 Juni

Zamani pamba yote ilipelekwa chama cha msingi. Siku hizi soko ni huria, na kila mwenye lori ni mnunuzi. Leo amekuja kijana mwenye miwani ya jua na mizani yake mwenyewe. Akataja bei iliyozidi ya chama, akapima, akapakia, na lori lilipojaa ndipo akasema fedha zitafuata baada ya wiki mbili.

Shigela alimvuta baba pembeni. "Baba, lori likiondoka tutashika nini?"

"Tutashika neno lake."

"Neno lake anakaa nalo wapi? Tukalifuate mji gani?"

Baba alimkaripia, lori likaondoka. Tulisimama barabarani mpaka vumbi lilipotua. Baadaye, tukila michembe, vile vipande vya viazi vikavu, baba alisema, "Wale watu wamesoma. Sisi tunajua kulima tu, wao wanalijua soko." Hakumtaja mtu, lakini alinitazama mimi.

Ijumaa, 3 Julai

Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Nimefaulu, ila alama hazitoshi kwenda Dar es Salaam, kule ambako serikali inawakopesha wanafunzi. Mama amechinja kuku. Nilimla kama mtu aliyeiba.

Jumapili, 5 Julai

Shangazi Wilhelmina, dada yake baba, amekuja jana kutoka Mkuyuni, mjini, anakouza mitumba. Ameleta habari kwamba kuna chuo kipya cha binafsi Mwanza kinachopokea watu wenye alama kama zangu. Kina shahada ya masoko, miaka mitatu. Ada unajilipia.

Baba aliposikia neno masoko aliweka kikombe chini. "Hilo hasa," alisema. "Mtu akisoma hilo, hakuna mwenye lori atakayemchezea baba yake tena."

Shangazi akanigeukia. "Masoko! Wewe Justa? Likizo iliyopita nilikuachia meza yangu ya mitumba saa moja tu, mteja akauliza bei ukamnong'oneza kama unaungama kwa padri!"

"Atafundishwa," baba alisema.

"Sawa, atafundishwa. Lakini mwanangu, kuanzia leo, ukiulizwa kitu jibu kwa sauti. Unasikia?"

"Nasikia."

"Nani kasikia? Mimi sijasikia!"

Leo kanisani, baada ya matangazo, baba alisimama mbele ya watu wote akasema binti yake anakwenda chuo kikuu kusomea masoko. Watu walipiga makofi. Katekista alinishika mkono. Hakuna aliyeuliza ada itatoka wapi, na mimi pia sikuuliza.

Jumatatu, 6 Julai

Nimeuliza. Yaani nimemuuliza mama, tukiwa kisimani, naye akanijibu akitazama ndoo. Wakiuzwa ng'ombe wa Evelina kwenye mnada wa mwezi wa nane, ada ya mwaka wa kwanza itapatikana.

Dada yangu Evelina aliolewa mwaka juzi, na mahari yake, pamoja na mtamba mwekundu aliyezaliwa hapa kwetu, ndiyo ng'ombe kumi na mmoja walio zizini. Kwetu kaka huoa kwa mahari ya dada. Kila mtu hapa anawaita ng'ombe wa Evelina, lakini maana yake ni ng'ombe wa Shigela. Ndio watakaokwenda kumleta Rebeka, binti wa upande wa Fela mwenye kicheko cha kusikika njia nzima. Shigela amemngoja miaka miwili. Amefyatua matofali mwenyewe na kuyachoma, na chumba kimefika usawa wa dirisha.

"Na Rebeka je?" niliuliza.

"Baba yako anasema fedha ya pamba ikija, atanunua wengine."

"Na isipokuja?"

Mama alijitwika ndoo. "Jumamosi ya wiki ijayo wajomba zake wanakuja kupatana mahari. Wewe pika tu, mama. Hayo ni ya wanaume."

Jumatano, 15 Julai

Upepo wa ziwani umevuma kutwa nzima. Wiki mbili zilizoahidiwa na yule kijana zimekwisha siku nyingi. Baba amekwenda mpaka njia panda kuuliza kama kuna aliyeliona lori. Hakuna.

Jumamosi, 18 Julai

Naandika leo hii, maana kesho nitataka kujidanganya kwamba haikuwa hivyo.

Walikuja wazee wanne, na mkubwa wao ni Ngosha, mjomba wa Rebeka. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye macho yasiyocheka. Walikaa kwenye vigoda karibu na zizi. Mshenga wetu alitandaza ngozi, akapanga juu yake vijiti, kila kijiti ng'ombe mmoja. Ngosha akasukuma mbele vijiti vingine, mshenga akavirudisha, wakataniana, wakanywa togwa, wakavisukuma tena. Mimi na mama tulikuwa jikoni tunasikiliza kwa upande wa sikio. Shigela alikaa nyuma ya baba, hakusema neno, maana bwana harusi hasemi. Alikuwa akichora ardhini kwa kidole.

Wakakubaliana kumi. Mama alinishika bega, akafumba macho. Nikatumwa kuwanawisha mikono.

Nilipofika kwa Ngosha na birika, akaniangalia. "Huyu ndiye msomi?"

"Ndiye," baba alisema.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Marahaba, msomi. Tunasikia unakwenda chuo. Ni cha bure hicho?"

"Si cha bure, baba."

"Ehe! Na kwa pamba hii ya Elinino, ada itatoka wapi?"

Wenzake walicheka. Sasa ninaelewa kwamba lilikuwa swali la utani, la kumchokoza baba, na kwamba msichana yeyote mwenye akili angecheka, akamwagia maji mzee wa pili. Mimi nilifikiri nimeulizwa. Na mzee akiuliza, hujibiwa. Na nilikuwa nimeambiwa nijibu kwa sauti.

"Watauzwa ng'ombe wa dada Evelina," nilisema. "Mnadani, mwezi wa nane."

Sijawahi kusema kwa sauti kubwa namna ile. Hata mama alisikia jikoni.

Ngosha alitazama zizi. Akatazama vijiti. Alianza kuvihesabu polepole, huku maji yakidondoka vidoleni. Kisha akavikusanya vyote, akavipiga chini ili viwe sawa, akamkabidhi mshenga.

"Vijiti hivi vina miguu," alisema. "Mchana viko kwetu, jioni vinakwenda chuoni Mwanza."

Baba alieleza habari za pamba. Alieleza vizuri, kwa heshima, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mdogo. Ngosha alisikiliza mpaka mwisho.

"Hatukatai, Yakobo. Binti anampenda kijana wako. Mkipata ng'ombe wasiosafiri, mtuite. Ila msituweke sana. Binti si mtama wa kuwekwa ghalani."

Wali na kuku havikuguswa. Wametuachia chakula chote.

Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alipita karibu nami akasema, "Sauti imesikika." Basi.

Shigela alikuwa akikamua. Nilikwenda nikasimama mlangoni mwa zizi nikilia. Hakugeuka. "Hukusema uongo," aliniambia. "Nenda kalale, unamtisha ng'ombe."

Jumapili, 19 Julai

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 28 Julai

Baba amerudi kutoka mjini, alikokwenda kumtafuta mnunuzi. Ofisi aliyotajiwa ni duka la viatu. Mama amempikia mlenda, hakula.

Nimeomba niende kwa shangazi siku chache. Nimesema nataka kukiona chuo. Kweli nataka kujua jambo moja: mtu akishapata shahada hii, analipwa nini? Hapa nyumbani hakuna aliyeuliza. Tunauza ng'ombe kununua kitu ambacho hakuna aliyekiona bei yake upande wa pili.

Jumapili, 2 Agosti

Mkuyuni. Shangazi analala akihesabu sketi. Kesho nitakwenda kwa Bushra, tuliyesoma naye bweni moja. Kaka yake Suhaib ana shahada ya masoko, miaka mitatu sasa, na ana kazi.

Jumatatu, 3 Agosti

Kwao Bushra ni nyuma ya duka la baba yake. Mama yake, Bi Sada, alinipa chai na maandazi, akaniuliza habari za nyumbani mara tatu, nami mara tatu nikasema nzuri. Suhaib aliporudi saa kumi, shati likiwa na jasho mgongoni, nilitazama maandazi.

"Kaka," Bushra alisema, "Justa anataka kujua unalipwa shilingi ngapi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Suhaib alicheka.

"Anataka kuniposa?"

"Anataka kusoma ulichosoma."

"Aaa." Alivua viatu. "Basi mwambie amsikilize mtu mzima. Laki moja na kumi kwa mwezi. Zikishakatwa, laki kasoro. Kodi ya nyumba sina, mama kanifadhili."

"Nakufadhili mpaka lini?" Bi Sada alisema kutoka ndani.

"Unasikia hiyo? Kazi yenyewe ninazunguka na gari la kampuni, nauza sabuni madukani. Babu yangu aliuza sabuni hiyohiyo dukani hapa, hakusoma hata siku moja."

"Babu hakuwa na tai," Bushra alisema.

"Kweli, tai ndiyo tofauti." Kisha akaacha mzaha, akaniambia kwa upole, "Lakini usiogope. Kazi zipo na zitaongezeka. Kila kampuni inayofunguliwa sasa inatafuta watu wa masoko. Ukivumilia miaka mitano, sita, unaweza kupewa kanda nzima uisimamie. Mwalimu hanifikii kwa mshahara."

"Unaweka akiba?" Hilo niliuliza mimi mwenyewe. Alinisogelea ili asikie, nikarudia.

"Mwaka jana niliweka kama laki moja na nusu. Mwaka mzuri huo."

Nilihesabu haraka. Ni ng'ombe wawili, kwa bei ya mnada.

"Mimi nilisoma kwa mkopo wa serikali," alisema. "Mpaka leo hawajanidai. Wewe nani anakukopesha?"

"Kaka yangu."

"Una bahati. Kaka hana riba."

Nilicheka kwa adabu. Lakini njiani kurudi kwa shangazi sikuweza kuliacha neno lile. Riba ya ng'ombe ni ndama. Ng'ombe kumi na mmoja wa Shigela wataisha kwa ada ya mwaka mmoja na kitanda cha kukodi. Mwaka wa pili watakwenda maksai wa baba. Mwaka wa tatu sijui nini. Kisha nipate kazi kama ya Suhaib, niweke akiba kama yake, ninunue wawili kwa mwaka. Nitakapofikisha kumi na mmoja nitakuwa na zaidi ya miaka ishirini na saba, na kaka thelathini na kitu. Na wale kumi na mmoja, wangeachwa zizini, wangekuwa wameshazaa na wajukuu wao kuzaa. Deni la shilingi unalikuta pale ulipoliacha. Deni la ng'ombe linakua ukiwa umelala. Mshahara hauzai.

Shahada yenyewe hainiumizi. Nimeitazama kwa pande zote na naona inafaa, tena naitaka. Kinachoniumiza ni kwamba anayeilipa si baba wala mimi. Analipa yule mtu anayechora ardhini kwa kidole.

Nimeamua. Nikifika nyumbani nitamwambia baba asiuze. Ng'ombe waende kwa kina Rebeka. Mimi nitauza mitumba na shangazi, au nitaomba chuo cha ualimu mwakani.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimefika nyumbani. Baba alikuwa na katekista, wakizungumza juu yangu. Katekista aliniita "meneja". Leo sikusema.

Ijumaa, 7 Agosti

Sikusema. Baba alikuwa na homa.

Jumamosi, 8 Agosti

Nane Nane. Uwanjani kulikuwa na ngoma za mavuno, vikundi viwili vikishindana, vumbi likapanda hadi jua likawa jekundu. Shigela alicheza kama mtu asiye na mifupa, watu wakamtupia fedha.

Rebeka alinikuta nikiwa nimesimama nyuma ya wauza miwa. Alikuja moja kwa moja, hana haya yule binti, akanishika mikono miwili.

"Wifi! Unajificha nini? Mimi nakutafuta toka asubuhi."

"Shikamoo," nilisema, kwa kuchanganyikiwa, maana ananizidi mwaka mmoja tu. Alicheka hicho kicheko chake.

"Marahaba, bibi! Sikiliza. Mjomba amepata mtu mwingine. Antoni, wakala wa samaki pale kivukoni Kigongo, anayewauzia wenye viwanda vya minofu. Ana ng'ombe sita na fedha mkononi. Mjomba anapenda fedha mkononi." Hakuwa anacheka tena. "Jumatatu atamtuma mtu kwenu kuuliza mara ya mwisho. Baba yako anasemaje? Niambie wewe, Shigela hataki kuniambia, ananiimbia tu."

Nilikuwa na jibu. Nimelileta kutoka Mkuyuni likiwa kamili. Ningeweza kusema: wifi, vumilieni siku mbili, ng'ombe wanakuja, mimi siendi chuo. Lakini nilifikiri, nitamwambiaje yeye kabla ya kumwambia baba? Je, baba akikataa? Mara ya mwisho niliposema yasiyonihusu niliharibu.

"Bado," nilisema.

"Bado nini?"

"Bado hajasema."

Aliniachia mikono taratibu. "Haya. Ukisikia neno, nitumie mtu."

Jumapili, 9 Agosti

Nilijiandaa kusema baada ya misa. Watu wanne walimsimamisha baba kumpa mkono kwa ajili yangu. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu lori liondoke. Sikusema.

Jumatatu, 10 Agosti

Mtu wa Ngosha alikuja. Nilikuwa nachekecha unga. Baba alimwambia, "Waambie wasubiri, pamba haijalipwa." Mgeni alikaa muda wa kutosha kumaliza maziwa kikombe kimoja. Muda wote huo nilikuwa na mdomo, na ulimi, na pumzi. Nilichekecha unga uliokwisha kuchekechwa.

Jumanne, 11 Agosti

Sikusema.

Ijumaa, 14 Agosti

Joto. Kimbunga cha vumbi kimepita uani kikabeba ungo wa mama. Sikusema.

Jumatatu, 17 Agosti

Shigela ameacha kujenga. Nimemuuliza kwa nini. Amesema matofali yamechoka. Nilidhani ni utani wake wa kawaida. Mnada ni Alhamisi. Kesho lazima.

Jumatano, 19 Agosti

Lazima, lazima. Sikusema.

Alhamisi, 20 Agosti

Kulipopambazuka walifungua zizi. Baba mbele na fimbo, Shigela nyuma. Nilisikia kwato zikipita karibu na ukuta wa chumba changu, nikajifunika shuka mpaka kichwani. Kisha nikasikia yule mtamba mwekundu, aliyezaliwa hapa kwetu, akimlilia mama yake njiani. Nikatoka mbio, pekupeku.

Niliwafikia kwenye korongo. "Baba!"

Aligeuka kwa hofu. "Nini? Mama yako?"

"Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Chuo. Warudisheni. Wapelekeni kwa kina Rebeka." Nilisema yote, kama mtu anayetapika. Nilisema habari za Suhaib, akiba yake, sabuni, ng'ombe wawili kwa mwaka. Nilisema mahari ni ya kaka na mimi ni mwizi.

Baba alimtazama Shigela. "Hujamwambia?"

"Nimwambie ili iweje?"

"Aniambie nini?" niliuliza.

Shigela alipiga mluzi kumrudisha ng'ombe mmoja aliyetoka njiani. "Rebeka ametolewa mahari Jumapili. Kwa Antoni wa samaki."

"Jumapili ipi?"

"Hii iliyopita. Jumatatu ile mjomba alituma mtu, baba akasema wasubiri. Hawakusubiri."

Kwa hiyo kuanzia siku niliyorudi mpaka Jumapili ile palikuwa na nafasi, na nafasi yenyewe ilikaa mdomoni mwangu. Nilikaa chini barabarani. Ng'ombe walitupita pande zote mbili wakinusa nywele zangu.

Baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzee, "Tulikuficha usivunjike moyo. Sasa nakuuliza mbele ya kaka yako. Tuwarudishe?"

"Tusiwarudishe," Shigela alisema.

"Nimemuuliza yeye."

"Nami namjibia! Justa, nisikilize. Ng'ombe hawa wakilala zizini leo, kesho gulioni watasema Shigela kamzuia dada yake shule, na mke mwenyewe hakumpata. Nitawakamua kwa uso gani? Kila asubuhi nitawaona na kusema, hawa walirudi kwa kunihurumia."

"Utaoa mwingine," nilisema.

"Nitaoa. Kwani mimi ni kilema?" Alijaribu kucheka. "Lakini si kwa hawa. Hawa wana jina la mtu. Inuka, unawachelewesha, wataingia mnadani jua likiwa kali wakonde njiani."

Nilitazama nyuso zao zote mbili. Ningeweza kusema warudi. Ningeweza kusema waende. Nilikaa vilevile, na ng'ombe, kwa kuwa hakuna aliyewazuia, wakaendelea wenyewe kushuka korongoni. Baba akawafuata. Huo ndio uliohesabiwa kuwa uamuzi wangu.

Ijumaa, 21 Agosti

Wameuzwa. Bei haikuwa mbaya. Mama amefagia zizi, ingawa hakuna cha kufagia.

Jumapili, 30 Agosti

Nilidhani Shigela ananichukia, ikawa rahisi. Leo nimemwona akimfundisha mtoto wa jirani kupiga mluzi, wanacheka, na nimegundua hanichukii. Hili ni gumu zaidi. Na baba, niliyemwona kama mtu anayejisifu kanisani, nimemkuta nyuma ya nyumba akimalizia ukuta wa chumba cha Shigela peke yake, tofali moja moja, bila kuombwa. Hawezi kusimamisha ukuta wima. Shigela anaubomoa usiku, baba akiwa hayupo, na kuujenga upya, hamwambii.

Jumanne, 8 Septemba

Radi ya kwanza, mbali, upande wa ziwani. Mvua haijafika.

Jumatatu, 14 Septemba

Shigela ndiye aliyenisindikiza. Baba alisema miguu inamuuma. Tulishuka basi Nyegezi, yeye akajitwika sanduku langu kichwani, akakataa nimsaidie.

Chuoni kulikuwa na foleni ya kulipa. Wengi walikuja na baba zao waliovaa koti. Nilipofika dirishani karani aliuliza, bila kuinua kichwa, "Jina la mlipaji?"

"Shigela Yakobo."

"Ndiye baba?"

"Kaka."

"Tunaandika mzazi au mlezi."

"Andika huyo."

Aliinua kichwa, akamtazama Shigela, sanduku bado liko kichwani, kandambili zimejaa vumbi. Aliandika. Watu wa nyuma yetu walitazama pia, na Shigela akageuza uso ukutani. Nilikuwa nimetaka kumpa heshima, kumbe nimemwaibisha mara ya pili.

Tuliagana langoni. Alinishushia sanduku.

"Nikija kukuona," alisema, "nikuletee maziwa?"

Nilitazama zile kandambili. Naye akakumbuka kwamba hakuna tena wa kukamua. Tulisimama hivyo, watu wakitupita na magodoro yao.

"Basi michembe," alisema. "Nitakuja na michembe." Akaondoka upesi.

Jumanne, 15 Septemba

Kipindi cha kwanza kilikuwa saa mbili. Nilifika chumba kikiwa kitupu, kabla ya mwalimu, kabla ya wote. Mtu ambaye hajui kusema hukaa nyuma, karibu na mlango. Nimekaa mstari wa mbele.